Siafu Wetu, Elimu ya Wengine

Msimu wa mvua uingiapo huku kwetu Kasese na Bwera, siafu hutoka. Hukatiza njia, huingia mabandani mwa kuku, na mwenye nyumba hukimbilia majivu au mafuta ya taa. Siku moja ya namna hiyo, mwanafunzi wa Bwera alituuliza darasani: "Mwalimu, siafu wanatoka wapi, nao wanakwenda wapi?" Tukamjibu kwamba hilo ni swali la Sayansi, akaulize huko kwa Kiingereza. Kisha tukaendelea na ngeli. Leo twakiri kuwa jibu lile lilikuwa la aibu, nasi hatudhani kwamba tulikuwa peke yetu kulitoa.

Neno siafu ni letu. Wataalamu wa kigeni wamelichukua kama lilivyo, wakalitia katika maandishi yao ya Kiingereza. Lakini elimu ya siafu wenyewe imeandikwa kwa nani? Ng'ambo ya mpaka wetu wa Mpondwe, katika nchi ya Kongo, Raignier na van Boven waliwachunguza siafu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1955, kwa Kifaransa. Kule Gombe, Tanzania, McGrew alieleza mwaka 1974 jinsi sokwe wanavyochovya vijiti katika viota vya siafu ili wawale. Naye aliandika kwa Kiingereza. Mmarekani Carl Rettenmeyer, aliyefariki mwaka 2009, alitumia umri wake kuwafuata ndugu za siafu hao katika misitu ya Amerika. Kazi yake ilionyesha kuwa aina moja tu ya siafu hufuatwa na aina zaidi ya 300 za viumbe wengine, ndege na wadudu. Mtu ametoa umri mzima kwa mdudu. Sisi hatukutoa hata kipindi kimoja!

Hebu tutazame alichonyimwa mwanafunzi yule. Siafu wafanyakazi ni vipofu. Hufuata njia kwa harufu. Kundi moja huweza kufikia mamilioni. Malkia hana mbawa, kwa hiyo kundi lihamapo naye hwenda kwa miguu, na wafanyakazi huwabeba mabuu. Dume ana mbawa. Usiku huvutwa na taa zetu, na wengi wamwonao hawajui kuwa naye ni siafu. Je, ipo hapo sentensi isiyosemeka kwa Kiswahili? Kilichokosekana si msamiati. Ni nia.

Wako wenzetu watakaosema kuwa mwalimu wa lugha hakuajiriwa kufundisha wadudu, wala mtihani hauulizi habari hizo. La hasha! Mwanafunzi huipima lugha kwa kazi aionayo ikifanya. Katika Uganda yetu, Kiswahili kimebezwa kwa miaka mingi kuwa ni lugha ya askari na ya magendo. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini amri hizo hazitakipa heshima iwapo sisi walimu tunakifanya lugha ya maamkizi na ngeli tu, kisha kila swali zito tunalipeleka kwa Kiingereza.

Basi yatupasa kuwatoa wanafunzi nje, wakasimama mbali kidogo na msafara, wakatazama, wakaandika kwa Kiswahili walichokiona. Tuwatume kwa wazee wa Kikonzo wakaulize wanayoyajua juu ya siafu, kisha wayalete darasani kwa Kiswahili. Tumwalike mwalimu wa Sayansi aje azungumze nasi kwa lugha hiyo hiyo. Akikwama penye neno, hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Mwanafunzi yule amekwisha kuondoka shuleni, na deni lake hatukulilipa. Mvua zitarudi, siafu watatoka tena, na mwingine atauliza. Tusimjibu tena kwamba swali lake si la Kiswahili.