Mama Anauliza Mwanawe, Tunamjibu na Waridi

Wiki iliyopita, saa moja asubuhi, mama mmoja wa mtaani kwetu aliandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Wanangu, kijana wangu kachukuliwa na polisi usiku. Nani anajua yuko kituo gani?"

Akajibiwa na waridi. Waridi jekundu, linametameta, "Asubuhi Njema". Kisha kikombe cha chai kinachotoa moshi. Kisha mbuzi amekaa kwenye bodaboda, kavaa helmeti. Kisha yule jamaa yetu (mwajijua) na sauti ya dakika nane: tatu za salamu, mbili za kuomba radhi kwa kuwa sauti imekuwa ndefu, na katikati ni Arsenal.

Saa nne nafungua simu, jumbe zaidi ya 200. Jibu la mama lilikuwemo tangu saa moja na nusu! Kijana ambaye hajaandika neno mwaka mzima alitaja kituo na saa aliyomuona akishushwa. Basi. Hakuna aliyemuona.

Jamani, Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuzungumza na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Wakili atamfuata wapi kama hatujui kituo? Saa mbili na nusu zimekwenda na mbuzi.

WhatsApp wenyewe walichoka na sisi. Januari 2019 wakaweka mpaka: kufowadi mwisho mahali 5 kwa mpigo. Aprili 2020, ujumbe uliozunguka sana, mahali pamoja tu. Mashangazi wakajifunza kunakili na kubandika.

Sikatai salamu. Lakini madrasa tulisoma kuwa kundi likisalimiwa, akijibu mmoja imetosha. Sisi twajibu 90, kila mtu na stika yake.

Ombi langu kwa maadmini: akiulizwa mtu aliyekamatwa, aliyepotea au anayehitaji damu, fungeni grupu, waandike maadmini peke yao. Mwenye habari awatumie kando: kituo gani, saa ngapi, namba ya OB kama ipo. Waridi lisubiri, halinyauki hilo.

Na yule mbuzi, niseme tu, nilimtuma mimi. Nilikuwa ndani ya matatu, sikusoma ya juu. Nimeshamfuta, ila nasikia tayari amefika Malindi.