MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto, Sufuria na Maji

Akina mama na akina baba wasomaji, juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jikoni, mahali ambapo mtoto hujifunza kazi, na ambapo pia aweza kupata kovu la maisha.

Katika mji wa Kitengela, jamaa wengi hukaa katika chumba kimoja cha kupanga, nao hupikia mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, uliowekwa sakafuni. Katika maboma ya Wamaasai huko Kajiado, moto huwashwa ndani ya nyumba, karibu na vitanda. Nyumba hizi mbili hazifanani, lakini katika zote mbili moto u chini, na sufuria iko sawa na kifua cha mtoto anayeanza kutembea.

Wazazi wengi huogopa miali ya moto, wakaisahau sufuria. Kumbe watoto wadogo huunguzwa zaidi na chai, maji na uji. Ngozi yao ni nyembamba kuliko yetu. Hata kikombe cha chai kilichoandaliwa robo saa iliyopita chaweza bado kumbabua mtoto, na uji hugandama mwilini ukazidi kuunguza.

Je, tuwafukuze watoto jikoni? Hasha! Mtoto aliyefukuzwa hurudi mama akienda dukani, naye hajui lolote. Samaki mkunje angali mbichi. Chora mstari chini kwa chaki au jivu, hatua mbili kutoka motoni. Asiyetimia miaka mitano asiuvuke. Na akae huko achambue maharagwe au aoshe sukuma wiki. Aliye mkubwa aweza kukoroga, mzazi akiwa kando yake, lakini asiepue. Sufuria zetu hazina mikono. Huepuliwa kwa kitambaa, na vidole vidogo haviwezi kuishika imara. Shuka na kanga zifungwe vema zisining'inie motoni.

Sasa twafika kwenye jambo gumu. Dawa ya kwanza ya kuungua ni maji safi ya baridi, yamiminwe juu ya jeraha kwa muda wa dakika 20. Lakini katika nchi yetu hii kavu maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, ama hutekwa mbali, na mama huyaonea uchungu. Ndiyo sababu wengine hupaka dawa ya meno, unga, yai au mafuta. Vitu hivi havipozi jeraha, na vyaweza kulitia uchafu.

Basi yafaa kila nyumba iweke mtungi mmoja wa maji safi karibu na jiko, usiguswe kwa kupikia wala kufulia. Mtoto akiungua, mvueni nguo isipokuwa iliyogandama, mmiminieni maji, kisha funikeni jeraha kwa kitambaa safi. Likiwa kubwa kuliko kiganja chake, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, mpelekeni hospitali mara moja.

Jioni hii, kabla ya kuinjika sufuria, tazameni: mstari upo? Mtungi umejaa? Maji ya lita 20 yatanunuliwa tena kesho. Mkono wa mtoto haununuliwi.