Tetemeko ni Kudra, Maafa Tuna Letu

Likizuka balaa, neno letu la kwanza ni hili: "Kudra ya Mola." Sina ugomvi na neno hilo, nimelelewa nalo chuoni tangu kujua alifu na bee. Ugomvi wangu ni na wale walitumialo kufunikia uzembe. Tetemeko la ardhi ni kudra. Lakini wafe wangapi na wasalimike wangapi, hapo nasi tuna letu la kujibu.

Tazameni yaliyotokea tarehe 26 Desemba 2004. Ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, nchini Indonesia, na mawimbi ya tsunami yakavuka Bahari ya Hindi. Indonesia peke yake watu zaidi ya 160,000 walikufa au kupotea, wengi wao Waislamu wenzetu wa jimbo la Aceh. Na katika jimbo hilo hilo kipo kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na chanzo cha tetemeko. Katika watu wake wapatao 78,000, walikufa 7 tu.

Je, walikuwa na mitambo? La, walikuwa na kisa. Mwaka 1907 bahari iliwaangamiza wazee wao. Waliosalia wakalipa janga hilo jina, smong, wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na maji yakakupwa ghafula, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Baada ya miaka 97, kisa hicho kiliokoa maelfu.

Siku hiyo sisi wa Kenya tuliokolewa na umbali. Habari zilitangulia mawimbi, watu wakaondolewa fuoni, akafa mmoja. Jirani zetu wa Somalia walipoteza watu karibu 300. Tusijidanganye kwamba umbali utatufaa kila mara.

Wazee wetu walijua bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na wapi maji yaachiwe njia. Leo twakata mikoko, twajenga juu ya mchanga wa ufuoni, na elimu ile twaizika pamoja na wenyewe.

Washairi wenzangu, tumetunga za mapenzi na za siasa hadi kalamu zimechakaa. Tutungeni na za bahari, watoto wazihifadhi. Mtume (S.A.W.) alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake, kisha ndipo ategemee. Kamba yetu sisi ni kukumbuka.