FOLENI YA MELI DAR, BILI INALETWA MPAKA PICHA YA NDEGE

Niko Picha ya Ndege, Kibaha. Malori ya makontena tunayaona kila siku yakikatiza Barabara ya Morogoro kwenda Zambia na Kongo. Lakini kuna foleni nyingine ipo baharini. Meli ikikaa siku nyingi nje ya bandari ya Dar, gharama hailipwi na nahodha. Inashuka mpaka kwenye bei ya mbolea, vipuri na mafuta hapa mtaani.

Foleni hiyo si siri tena. Tangu mwisho wa 2004, sheria za kimataifa zinataka meli za ujazo wa tani 300 na zaidi zinazotoka nchi moja kwenda nyingine ziwe na kifaa cha AIS. Kinarusha kwa redio jina la meli, mahali ilipo, mwendo wake, inakokwenda na imezama majini mita ngapi. Ukiwa kafe fungua MarineTraffic, tafuta Dar es Salaam, utaziona zilizotia nanga.

Sasa ujanja uko kwenye kusoma. Meli zikisubiri sana nje, gati hazitoshi. Zikipata gati upesi lakini zikachelewa kuondoka, angalia kreni, uwanja wa makontena na karatasi za forodha. Na kama meli kubwa zinaingia zikiwa na mzigo nusu, huenda tatizo ni kina cha maji. Magonjwa matatu, dawa tatu, na kila dawa ni mabilioni.

Chukulia Dar yenyewe. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 345, gati namba 1 hadi 7 zikaimarishwa na kuongezwa kina. Safi. Lakini orodha ya benki hiyo hiyo ya mwaka 2023, inayopima muda ambao meli za makontena zinatumia bandarini, iliiweka Dar nafasi ya 367 kati ya bandari 405. Maana yake kina peke yake hakikutosha. Waendeshaji wapya, DP World na wenzao wa Adani, walianza kazi 2024, na hizo data ndizo zitatuambia kama wanaleta mabadiliko au ni maneno tu.

Marekani, wahandisi wa jeshi wanaotunza njia za maji wanatumia AIS kuamua wapi tope litolewe kwanza. Penye meli nyingi, pesa kwanza. Hapo ndipo mimi nashtuka. Jahazi la mbao halilazimiki kuwa na kifaa hicho. Ukipanga matengenezo kwa AIS peke yake, Bagamoyo itaonekana kama haina kazi, na boti ndogo za Nyamisati na Kilindoni, Mafia, hazitaonekana kabisa. Huo ndio mkoa wetu wa Pwani jamani! Mgonjwa wa Mafia anayesubiri boti hatumi ishara yoyote kwenye ramani.

Kwa hiyo naona hivi: AIS itumike kuibana bandari kubwa, lakini kwenye bandari ndogo mtu atumwe na daftari ahesabu majahazi, abiria na mizigo. Asiyehesabiwa hatengenezewi.

Naomba kuwakilisha. Wadau wa Bagamoyo na Mafia, mnasemaje?