Mtoto Anayebaki Nyuma Mama Aendapo Mwaloni

Wiki hii tunaanza na swali la mama mmoja wa Katoro, mkoani Geita. Ana mtoto wa miezi minane, na riziki yake ni kuponda mawe na kuosha mchanga wa dhahabu. Anauliza: "Nikimpeleka mwanangu katika kituo cha kulelea watoto mchana, nitakuwa nimeitupa amana ya Allah?"

Kabla ya kumjibu, tutazame njia nyingine alizo nazo. Anaweza kumbeba mtoto mgongoni hadi mwaloni. Anaweza kumwachia dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hataonekana darasani wala madrasa. Au abaki nyumbani, na jioni jiko lisiwashwe.

Njia ya mwaloni ina hatari isiyoonekana kwa macho. Wachimbaji wadogo wengi hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili dhahabu ibaki peke yake. Zebaki inayotoka huwa mvuke usio na rangi wala harufu, ukavutwa na kila aliye karibu. Ubongo wa mtoto mchanga ungali unajengwa, na ni ubongo na mishipa ya fahamu ambavyo zebaki hudhuru zaidi. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulipeleka wataalamu kuchunguza afya za watu wa Rwamagasa, wilayani Geita. Mwaloni si mahali pa mtoto. Na baba achomaye dhahabu asiichomee nyumbani, wala asimpakate mwanawe kabla ya kuoga na kubadili nguo.

Sasa tumjibu mama yetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, akambebesha baba chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema. Aya hiyo hiyo imeruhusu mtoto anyonyeshwe na mwingine, madhali wazazi wanatoa malipo kwa wema. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alilelewa utotoni na Bibi Halima wa Banu Saad. Basi kumkabidhi mtoto kwa mlezi mwema si kuitupa amana. Swali lililobaki ni moja: mlezi huyo ni nani?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe; ulizia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kisha nenda mwenyewe, bila kutoa taarifa, saa nne asubuhi. Tazama kama kuna maji na sabuni, kama wachanga wana mahali pao safi pa kulala, na kama mlezi anawamudu watoto alio nao. Sikiliza: mtoto anapolia, kuna anayemwendea? Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto huifupisha swala, kwa kuuhurumia moyo wa mama yake. Mlezi asiyeshtushwa na kilio hafai kukabidhiwa mtoto.

Wazazi wengi hupima kituo kwa herufi na nambari. Kwa mtoto wa miezi minane kipimo hicho si chake. Yeye hujifunza anapotazamwa usoni, anapojibiwa sauti zake, anaposimuliwa kinachofanyika huku akiogeshwa na kulishwa. Mlezi azungumze naye kwa Kisukuma au Kiswahili, kwa lugha iliyomo moyoni mwake. Kibuyu kikavu, kikombe na kijiko vyatosha kuwa vifaa vyake vya masomo. Programu ya Taifa ya malezi na makuzi ya awali, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka mambo matano pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Kukosekana kwa moja huyatia kasoro mengine.

Limebaki la jamii. Mwajiriwa anayo sheria: siku 84 za likizo ya uzazi, na hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe akirejea kazini. Mama wa mwaloni hana mwajiri wa kumdai haki hizo. Aliye naye ni jirani zake na msikiti wake. Katika miji yetu, kuanzia Geita na Katoro hadi Kahama na Shinyanga, yapo madarasa ya madrasa yanayokaa matupu asubuhi nzima. Kamati ya msikiti ikiketi na akina mama, ikafuata taratibu za usajili, ikachagua walezi waadilifu na kuwalipa kwa haki, chumba kimoja kati ya hivyo chaweza kuwa kituo. Kikiwa mbali na makarasha na moshi wa zebaki, lakini jirani kiasi cha mama kurudi kunyonyesha, kitamhifadhi mchanga, na kitamrudisha darasani yule dada wa miaka tisa.

Wazee wetu hutoa sadaka ya majamvi na vipaza sauti, na Allah awalipe. Mwaka huu wafikirie pia ujira wa mlezi mmoja. Wallahu a'lam.