Baraza la Nyumbani: Kura Izungukayo Kama Pia

Wahenga walinena: wengi wape. Hata hivyo, wengi nao huweza kukosa kauli moja, pasipo hila wala ugomvi.

Tuchukue mfano wa akina mama watatu wa kambini waliochanga fedha za mradi. Wa kwanza apenda cherehani, kisha mashine ya kusaga, na mwisho ng'ombe wa maziwa. Wa pili apenda mashine, kisha ng'ombe, na mwisho cherehani. Wa tatu apenda ng'ombe, kisha cherehani, na mwisho mashine. Wakipiga kura, cherehani yaishinda mashine kwa kura 2 kwa 1; mashine yamshinda ng'ombe vivyo hivyo; naye ng'ombe aishinda cherehani! Mfaransa Condorcet alilieleza fumbo hili katika kitabu chake cha mwaka 1785.

Hatari yake ni hii: mwenyekiti akianza na mashine dhidi ya ng'ombe, kisha mshindi apambanishwe na cherehani, cherehani itashinda. Akibadili utaratibu, mshindi naye atabadilika. Hapo mchaguzi si kikundi tena, bali ni yule apangaye kura.

Mwaka 1948 Duncan Black, mtaalamu wa uchumi kutoka Scotland, alionyesha njia ya kuepukana na mzunguko huo. Mambo yakipangika katika mstari mmoja, na kila mtu akawa na mahali apapendapo, akipungukiwa na ridhaa kadiri aendavyo mbali napo, kura haizunguki. Kwa mfano, akina mama hao wakishauriana juu ya mchango wa mwezi, mmoja akataka shilingi 3,000, mwingine 5,000, na mwingine 8,000, basi 5,000 itashinda kila pambano. Atakaye 3,000 aona afadhali 5,000 kuliko 8,000; naye atakaye 8,000 aona afadhali 5,000 kuliko 3,000. Mtu wa katikati ndiye mwamuzi.

Basi, kabla ya kupiga kura, jaribuni kwanza kuafikiana kipimo kimoja: je, twapima gharama, au faida ya haraka? Na ikiwa hapana kipimo kimoja, utaratibu wa kura na ukubaliwe na wote mapema, mchana kweupe, kabla mtu hajajua utamfaa nani. Hivyo ndivyo atakayeshindwa atakavyorudi nyumbani bila kinyongo.