Bima na Mapafu ya Mfanyakazi

Mwaka 1981 Mahakama ya Rufani mjini Washington, Marekani, iliamua shauri la Keene, kampuni iliyouza bidhaa zenye asbestosi. Vumbi la asbestosi hukaa mapafuni miaka mingi kabla ugonjwa haujadhihiri. Makampuni ya bima yakabishana: alipe aliyekuwapo vumbi lilipovutwa, au aliyekuwapo ugonjwa ulipoonekana? Mahakama ikaamua kwamba kila kampuni iliyotoa bima katika muda huo wote yawajibika. Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa ya haki: aliyepokea ada asikimbie deni. Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia. Mawakili wakibishana, mgonjwa hungoja. Ndugu wafanyakazi, tudai kwanza hewa safi kazini, kwani bima hairudishi mapafu.